Amri, Askari na Majina ya Waliouawa



Mtu apitaye katika mitaa ya Old Town, yaani ile sehemu ya kale ya Lilongwe iliyokuwapo kabla Malawi haijahamisha makao yake makuu kutoka Zomba mwaka 1975, husikia Kichewa sokoni, lugha za Bara Hindi katika baadhi ya maduka ya zamani, na mara kwa mara Kiswahili. Kiswahili hicho ni cha watu waliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigali, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitafuta riziki mjini humo kwa biashara ndogo ndogo, huku makazi yao ya kisheria yakiwa ni kambi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 45 kaskazini ya mji.

Dzaleka haikujengwa iwe kambi ya wakimbizi. Katika utawala wa Kamuzu Banda ilikuwa ni mahali pa kuwafunga wapinzani wa serikali, na jina lake katika Kichewa hueleweka kuwa ni kauli ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena kosa lake. Banda alishindwa katika uchaguzi wa Mei 1994. Majuma hayo hayo, kule Rwanda, watu walikuwa wakichinjwa kwa maelfu kila siku. Basi mwaka huo huo gereza lile likageuzwa kuwa makazi ya waliokimbia. Lilikusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 au zaidi kidogo. Leo linabeba zaidi ya 50,000, Wakongo wakiwa ndio wengi, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Katika kambi ya namna hiyo wamo watu wasioweza kujibu swali jepesi: baba yako alifariki tarehe gani? Wapo waliotoroka usiku na kuwaacha wazee nyuma. Wapo waliosikia habari baada ya miaka miwili. Maiti hawakuonekana, kaburi halipo, na siku haijulikani. Mila za Kiafrika, na dini zote mbili kubwa zilizoenea Afrika Mashariki, zina taratibu za kumzika mtu na kumwombolezea. Lakini taratibu hizo zinategemea kuwapo kwa maiti, au walau kwa siku. Mauaji ya kimbari yanaondoa vyote viwili. Ndiyo maana inafaa kutazama jinsi jamii moja iliyopatwa na msiba huo mara nyingi ilivyojifunza kuwakumbuka watu wake, nayo ni jamii ya Wayahudi.

Mwaka 1096 makundi ya wapiganaji waliokuwa njiani kwenda katika Vita vya Msalaba yalizishambulia jumuiya za Wayahudi katika miji ya Speyer, Worms na Mainz, kando ya mto Rhine. Jumuiya zilizobaki hazikuwa na jeshi wala mahakama ya kukimbilia. Zilichoweza kufanya ni kuandika. Katika masinagogi ya Ujerumani vikawekwa vitabu vya kumbukumbu, vyenye majina ya waliouawa na ya miji yao, na majina hayo yakasomwa kwa sauti mbele ya wote katika siku zilizopangwa. Sala maalumu ikatungwa kwa ajili yao, na hata leo, baada ya zaidi ya miaka 900, ingali inasomwa. Watawala waliokuwapo wakati wa mauaji hayo wamesahauliwa na wengi. Wafuma nguo na wake zao waliouawa wangali wanaombewa.

Taratibu nyingine ni ya mtu mmoja mmoja. Mwana wa marehemu husoma sala iitwayo Kaddish, iliyoandikwa kwa Kiaramu, ambayo, ajabu yake, haitaji kifo hata mara moja; ni ya kumtukuza Mungu tu. Lakini haisomwi na mtu aliye peke yake. Kwa desturi ya asili hapana budi wawepo wanaume kumi watu wazima. Kila mwaka siku ya kufa inapotimia, mshumaa huwashwa nyumbani ukawaka usiku na mchana kutwa. Sasa fikiria kijiji cha Poland ambacho mwaka 1942 Wayahudi wake wote waliuawa kwa siku moja. Nani atasoma? Kumi watatoka wapi? Na wale waliopelekwa kwa magari moshi wakapotea, mshumaa wao uwashwe siku gani?

Jambo hili halikuachwa lielee. Baraza Kuu la Marabi wa Israeli liliitenga siku ya kumi ya mwezi wa Tevet, ambayo tangu zamani ilikuwa siku ya mfungo, iwe siku ya kuwasomea Kaddish wote ambao siku yao ya kufa haijulikani. Ni uamuzi wa kiutawala tu, mtu anaweza kusema, kama vile afisa anavyojaza tarehe katika fomu. Lakini kwa mwana asiyejua pa kuuelekeza msiba wake, tarehe hiyo ni kitu kikubwa mno. Wanyarwanda wamefanya jambo lililo karibu na hilo kwa kuiweka siku ya 7 Aprili, ambayo tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa nao unaitambua. Manusura aliye Dzaleka, asiyejua kama ndugu zake waliuawa Aprili au Juni, anayo siku.

Kisha kuna suala la majina. Taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1953, imekuwa ikikusanya hati za ushahidi, kila mtu na hati yake: jina, wazazi, mji, kazi, mahali alipouawa. Kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi na wasaidizi wao, majina yaliyokwisha kupatikana yamefikia kiasi cha milioni 5. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka 70. Baadhi ya watu huona kwamba ni kazi ya bure, kwa kuwa waliokufa wamekufa. Hao hawajafahamu jinsi mauaji ya kimbari yanavyofanyika. Kabla ya kumuua mtu, muuaji humwondolea jina. Humwita panya, humwita mende, humpa namba. Kumrudishia jina ni kuibatilisha kazi ile ya kwanza ya muuaji.

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Mwezi Desemba 1940 Waingereza waliwafukuza kutoka Palestina Wayahudi wapatao 1,580 waliokuwa wamekimbia utawala wa Hitler, wakawasafirisha hadi kisiwa cha Mauritius, katika Bahari hii hii ya Hindi, na kuwaweka katika gereza la Beau Bassin. Walikaa humo hadi Agosti 1945. Wanaume walilala katika vyumba vya wafungwa, na wake zao waliwekwa mbali nao katika vibanda vya bati. Zaidi ya 120 walikufa kisiwani, wengi kwa malaria na maradhi mengine, wakazikwa katika makaburi ya Saint Martin, ambako majina yao yangali yanasomeka juu ya mawe. Gereza kugeuzwa nyumba ya mkimbizi halikuanza na Dzaleka.

Na Uganda wapo Wayahudi Waafrika, Abayudaya, karibu na mji wa Mbale. Mwanzilishi wao alikuwa askari. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda, kisha akaona wamemnyima heshima aliyoitarajia, akasoma Biblia kwa bidii, na mwaka 1919 akashika Torati pamoja na watu wake. Idi Amin alipotawala, aliipiga marufuku ibada yao, na wengi wakaicha imani hiyo kwa hofu. Waliobaki walisali kwa siri. Majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Askari wa JWTZ waliokuwa wakipita katika barabara za Kampala jioni ile hawakujua habari hiyo, Abayudaya hawajaisahau.

Sasa lije suala linalowahusu hasa wale wanaovaa sare. Kumbukumbu ya Wayahudi haiishii kwa waliouawa. Inauliza pia nani aliyefyatua risasi, na aliyefyatua, mara nyingi sana, alikuwa askari wa kawaida.

Asubuhi ya tarehe 13 Julai 1942 kikosi cha akiba cha polisi nambari 101 cha Ujerumani kilifika katika kijiji cha Józefów, Poland. Walikuwa askari karibu 500, wengi wao wanaume wa makamo kutoka Hamburg, wenye wake na watoto, waliokuwa makuli wa bandarini, madereva na makarani kabla ya kuitwa. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwaeleza amri iliyokuja: vijana wanaoweza kufanya kazi watengwe, na Wayahudi wengine wote, wanawake, watoto na wazee, wapigwe risasi. Inasemekana alikuwa akitoa machozi. Kisha akafanya jambo ambalo halikutazamiwa: akasema kwamba yule miongoni mwa wazee wa kikosi anayeona kwamba hawezi, atoke mstarini. Walitoka kiasi cha 12 tu. Hakuna aliyepigwa risasi kwa kutoka, wala aliyefungwa. Waliobaki waliua watu wapatao 1,500 kabla ya jua kutua.

Habari hii yapasa kukaa muda mrefu katika fikira za kila askari, kwa sababu inaivunja ile hoja iliyozoeleka ya kwamba askari hana hiari. Mlango ulifunguliwa na mkubwa wao wenyewe. Waliobaki mstarini hawakuzuiwa na bunduki ya nyuma yao. Walizuiwa na haya mbele ya wenzao, na mazoea, na kutotaka kuonekana waoga. Mambo haya yamo katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi duniani. Ndiyo yanayoifanya platuni iwe platuni. Na ndiyo yaliyoua watu 1,500 Józefów.

Hoja ya amri ilitumiwa na wakubwa waliohukumiwa Nuremberg, na Adolf Eichmann aliirudia mbele ya mahakama ya Jerusalem mwaka 1961. Haikukubaliwa. Lakini mfano mgumu zaidi, na wenye mafunzo zaidi kwa askari polisi, ni ule uliowapata Waisraeli wenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1956, siku ya kuanza kwa vita vya Suez, kikosi cha polisi wa mpakani kilitangaza amri ya kutotoka nje katika kijiji cha Waarabu cha Kafr Qasim wakati wenyeji wengi wangali makondeni wasijue lolote. Waliporudi jioni kwa baiskeli na kwa malori, walipigwa risasi. Waliouawa walikaribia 50, miongoni mwao wanawake na watoto. Askari walisema: tuliamriwa.

Jaji Benjamin Halevy alitoa hukumu mwaka 1958. Alisema kwamba ziko amri ambazo juu yake hupepea kama bendera nyeusi, ikimwambia kila mwenye macho kwamba jambo hili ni haramu. Na askari anayeitii amri ya namna hiyo atajibu mwenyewe. Hukumu hiyo imeingia katika mafundisho ya jeshi la Israeli, na wanasheria wa nchi nyingine wameinukuu. Lakini ukweli wote usemwe. Vifungo vilipunguzwa mara baada ya mara, na kufika mwaka 1960 wote walikuwa wamekwisha kuachiliwa. Kamanda wa brigedi aliyekuwa juu yao alitozwa faini ya sarafu moja ndogo kabisa. Watu waliokuwa wametoka kuwazika milioni 6 walijua kuiandika sheria nzuri, na walishindwa kuitimiza ilipowahusu vijana wao wenyewe. Kanuni ikabaki, na aibu nayo ikabaki.

Neno lenyewe la kuitaja jinai hii lilitungwa na Myahudi wa Poland, Raphael Lemkin, mwanasheria, ambaye jamaa zake 49 waliuawa. Kitabu chake chenye neno hilo kilitoka mwaka 1944, na tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1984. Ilikuwa ni katika ardhi ya Tanzania, mjini Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, mahakama ya kimataifa ilipomtia mtu hatiani kwa kosa hilo kwa mara ya kwanza. Mtu huyo, Jean-Paul Akayesu, alikuwa meya wa Taba, aliyekuwa na mamlaka juu ya polisi wa eneo lake.

Rwanda, mwaka 1994, wanajeshi wa serikali na wanamgambo walitumia vizuizi vya barabarani. Askari aliyezoea kazi ya kizuizi anajua kinachofanyika hapo: simama, toa kitambulisho, pita. Katika siku zile 100 kitambulisho chenye kabila la Kitutsi kilikuwa hati ya kifo. Serikali ya Rwanda inahesabu waliouawa kuwa zaidi ya milioni moja. Mapanga yalinunuliwa mapema, orodha ziliandikwa mapema, na redio ya RTLM ikafanya kazi ya kutaja majina ya watu na mahali walipojificha. Chombo kama hiki hiki, ndugu wasikilizaji, kipaza sauti na masafa, kilitumiwa kuelekeza wauaji, na Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wakubwa wake wawili.

Lakini kizuizi kile kile kilipitwa na Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa, ambaye hakuwa na silaha. Aliwapakia watu katika gari lake wachache wachache, akazungumza na askari wa vizuizini, akawachekesha, akawapa sigara, akapita. Amri za kikosi chake hazikumruhusu kufanya hivyo. Wakubwa wake walijua, wakanyamaza. Aliuawa kwa kombora tarehe 31 Mei 1994, zikiwa zimebaki siku chache arudi kwao. Idadi ya aliowaokoa inakadiriwa kuwa ni mamia.

Tatizo la kambi, ndugu wasikilizaji, ni kwamba lango lake halimjui mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, askari wa Tanzania waliwanyang'anya silaha, na mapanga yakarundikana mpakani. Waliokuwa wameyashika walipita wakaingia kambini pamoja na wanawake na watoto. Malawi nayo haikusalimika na fumbo hilo. Desemba 2016 alikamatwa mfanyabiashara mmoja wa Kinyarwanda aliyekuwa ameishi nchini humo kwa miaka mingi akitafutwa na serikali yake kwa mauaji ya kimbari, na Januari 2019 akakabidhiwa Rwanda. Kwa hiyo askari anayeuliza mkimbizi ni nani hafanyi kosa. Kuuliza ni wajibu wake.

Kosa huanza pale jibu linapotolewa kwa kundi zima. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, nchini Burundi, Wakongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kwa risasi na moto kwa sababu ya kabila lao. Wanajeshi na askari wa Burundi walikuwa na kambi zao umbali wa mita mia chache tu. Hawakutoka. Hakuna aliyewaamuru kuua, na pengine hakuna aliyewaamuru kukaa, walikaa.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi wote waishio mijini warudi Dzaleka, ikitaja usalama wa taifa na malalamiko ya wafanyabiashara wenyeji. Nchi ile ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 ilijiwekea haki ya kuweka mipaka juu ya mahali pa kuishi mkimbizi, na kwa hiyo hoja ya kisheria ilikuwapo. Mwezi Mei polisi na wanajeshi walipita katika nyumba na maduka ya Lilongwe. Watu walikamatwa, wengine pamoja na watoto wao, wakawekwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini, na maduka yaliachwa wazi yakaporwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilipinga. Mabishano ya sheria yaachiwe mahakama. Lakini mtu aliyenusurika akiwa mtoto katika mwaka 1994 au 2004, akiamka alfajiri na kukuta askari mlangoni wakimwita kwa jina la kundi wala si kwa jina lake, haoni utekelezaji wa sera. Anaona siku nyingine. Askari aliyefunzwa historia hii angejua hivyo, na angeigonga ile hodi kwa namna nyingine, hata kama amri ni ile ile.

Yad Vashem ina heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Mmoja wao ni Paul Grüninger, kamanda wa polisi wa jimbo la St. Gallen, Uswisi. Mwezi Agosti 1938 serikali yake iliufunga mpaka kwa Wayahudi waliokuwa wakikimbia kutoka Austria. Grüninger aliwaona wakifika, na akajua wanakorudishwa. Akaziandika hati zao kwa tarehe za nyuma, ionekane kwamba waliingia kabla ya amri. Kwa namna hiyo mamia ya watu, na kwa makadirio mengine hata 3,600, walipita. Mwaka 1939 alifukuzwa kazi akapoteza malipo yake ya uzeeni, na mahakama ikamtia hatiani kwa kughushi. Aliishi maisha yaliyobaki kwa kazi za hapa na pale, mara mwalimu wa muda, mara mwuza bidhaa. Yad Vashem ilimtunukia heshima hiyo mwaka 1971, na mwaka uliofuata akafariki akiwa maskini. Hukumu iliyomtia hatiani ilifutwa mwaka 1995, katika mahakama ya mji ule ule wa St. Gallen.